Jin yuko hospitali au kaburini? Mwalimu anajibu barua zenu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na mke wangu tunaangalia tamthilia ya LOST, ile ya abiria walioanguka na ndege kisiwani, kwa mara ya kwanza, kila usiku watoto wakishalala. Sizoni tatu za mwanzo tumekwenda vizuri. Sasa tumekwama sizoni ya nne, sehemu ya saba. Sun yuko kwao Korea, ameshikwa na uchungu, anamwita mumewe Jin. Jin naye anahaha mjini na mdoli wa panda, anawahi hospitali. Mwisho wake Sun na Hurley, mwenzao wa kisiwani, wanambeba mtoto kwenda makaburini, na kaburi lenyewe ni la Jin! Tumerudisha nyuma mara tatu. Mke wangu anasema waandishi wamejichanganya. Mimi nasema kuna kitu kimetupita. Tuamulie. Na kwa nini wameuacha ule mtindo wa mwanzo tuliouzoea? — Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuna kitu kimewapita, na kiko dukani. Rudini pale Jin anaponunua panda. Muuzaji anamshauri achukue joka, kwa sababu mwaka ule ni mwaka wa joka. Kwa kalenda ya Wachina huo ni mwaka 2000, na ndege ya Oceanic 815 ilianguka Septemba 2004. Itazameni na simu aliyoishika, ni simu ya zamani. Kisha msikilizeni mlangoni mwa wodi. Panda yule si wa mtoto wake. Ametumwa na kazi ya baba mkwe wake ampelekee balozi wa China aliyepata mjukuu, na muuguzi anapomtakia heri ya kupata wake, anajibu kwamba ana miezi miwili tu tangu aoe.

Kwa hiyo mlikuwa mnaangalia nyakati mbili zilizoshonwa kwa uzi mmoja. Ya Jin ni kisengerenyuma, mambo yaliyokwishapita. Ya Sun ni kisengerembele, mambo ya baada ya kisiwa. Kila Sun alipolia, walikata wakatupeleka kwa Jin anayekimbia, nasi tukaamini anamkimbilia yeye. Hakuna neno la uongo lililosemwa pale. Tuliyaunganisha wenyewe, kwa sababu misimu mitatu ilikuwa imetufundisha kuunganisha hivyo. Na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, ambalo nimelisubiri miaka mingi mtu aniulize.

Wazee wetu wakitaka kusimulia huanza na "Paukwa", watoto wakajibu "Pakawa". Kazi ya maneno hayo ni moja: kuwaambia watoto kwamba sasa tumetoka jikoni, tumeingia kwenye ngano. LOST ilikuwa na paukwa yake. Picha inamsogelea mtu usoni, unasikia mvumo kama wa ndege inayopita karibu na sikio, na mara uko Sydney, au Los Angeles, au Korea, kabla ya ajali. Kila sehemu ilimchukua mtu mmoja na kurudi naye kwenye maisha yake ya nyuma. Ukisikia mvumo ule, unajua: tunarudi.

Nilikuwa nafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita, Morogoro, tamthilia hii ilipotufikia kwenye DVD za kukodi. Kisengerenyuma nilikuwa nimekiandika ubaoni miaka na miaka. Wanafunzi wananakili fasili, wanaitema kwenye mtihani, wanapata alama zao. Kinatumika kwa ajili ya nini hasa, mimi mwenyewe nilikuja kukielewa kwa John Locke, msimu wa kwanza, sehemu ya nne. Mnakumbuka? Kisiwani Locke ni mzee mwenye visu, anawinda nguruwe pori, anatembea msituni kama wa kwake. Tunarudi nyuma: ni karani wa kampuni ya maboksi, anakaripiwa na bosi kijana. Yuko mezani. Kisha yuko kitandani, anaongea na simu. Kisha yuko Australia, mbele ya wakala wa safari za porini anayemwambia hawezi kumchukua. Locke anafoka kwamba asiambiwe asichoweza kukifanya, wakala anaondoka, na kamera inarudi nyuma taratibu kutoka mezani. Yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Sehemu nzima hatukumwona amesimama hata mara moja kwenye maisha yale ya nyuma, na hatukugundua. Sasa rudisheni akili kwenye sekunde za mwanzo za sehemu ile ile: amelala kwenye mchanga kati ya mabaki ya ndege, anatazama vidole vya mguu wake, vinacheza. Tulipokiona mara ya kwanza kilikuwa kidole tu. Tukio la nyuma ndilo lililokigeuza kuwa muujiza. Niliifunga televisheni usiku ule nikakaa kimya sebuleni, na kesho yake nikafuta fasili yangu ubaoni nikaanza upya.

Mbinu ile ilifaa kwa sababu ilijibu swali la msimu wa kwanza: hawa walikuwa kina nani kabla ya kuanguka hapa? Kisiwani hakuna anayemjua mwenzake. Mwizi anaweza kuwa mlinzi, mlemavu anaweza kuwa mwindaji. Kila tulichoambiwa cha nyuma kilibadili tulichokuwa tunakiona mbele.

Lakini swali likishajibiwa, mbinu iliyolibeba inabaki inatembea bila mzigo. Mtakuwa mmeliona hilo msimu wa tatu. Kuna sehemu nzima ya kutueleza Jack, yule daktari, alichorwaje tatuu zake huko Thailand. Jack tulikuwa tunamjua tayari, ni mtu asiyeweza kuliacha jambo hata likimuumiza. Tatuu haikutuongezea kitu. Wasimamizi wa uandishi, Damon Lindelof na Carlton Cuse, wenyewe wameitaja hadharani sehemu ile kuwa kielelezo cha hadithi inayozunguka mahali pamoja kwa kukosa tarehe ya mwisho. Walikuwa wakiiomba televisheni ya ABC iwape tarehe hiyo. Mei 2007 ABC ikakubali: zimebaki sehemu 48, misimu mitatu, na mwaka 2010 tunamaliza.

Shikeni hapo, maana watu hudhani mbinu mpya huja kwa sababu mwandishi amepata wazo zuri akiwa bafuni. Mtu asiyejua safari yake ni ya siku ngapi hawezi kuyagawa maji aliyobeba. Hawa walipoambiwa siku, wakaweza kutuonyesha mambo ya mbele, kwa kuwa sasa kulikuwa na mbele.

Mei 23 mwaka ule ule ikaonyeshwa sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu. Mimi niliipata baadaye sana, na niliipata vibaya. Jack ana ndevu, amelewa, anameza vidonge, anataka kujirusha darajani. Mvumo wetu upo pale pale, paukwa ile ile. Nikasema: kumbe kabla ya kisiwa alipita kwenye giza hili. Hata hospitalini anawafokea wenzake wamwite baba yake waone nani kalewa zaidi, na baba yake tunajua alifariki kabla ya ajali. Ushahidi umekamilika. Kisha anampigia mtu simu, wanapanga kukutana usiku pembeni mwa uwanja wa ndege, gari linakuja, linasimama, mlango unafunguka, na DVD ikakwama. Mchirizi kwenye sahani. Nikaifuta kwa kanga, nikaipuliza, nikairudisha, inafika mlangoni pa gari inakwama.

Duka nilipokodi walikuwa na nakala moja tu. Nikasubiri siku mbili waletewe nyingine. Siku ya pili, kwenye kipindi, nikawasimulia wanafunzi mahali nilipokwama, na binti mmoja wa kidato cha sita akanyoosha mkono: "Mwalimu, simu aliyoishika Jack ni ile nyembamba ya kukunja. Simu zile ni za juzi tu. Hiyo haiwezi kuwa nyuma." Darasa likaanza kubishana, na mimi nikasimama na chaki mkononi nikihisi sakafu inasogea. Jioni ile nikapata sahani nzima. Aliyeshuka kwenye gari ni Kate. Jack alimfahamu Kate kisiwani. Basi wametoka, wamerudi kwao, na Jack analia kwamba lazima warudi kisiwani.

Hilo ndilo lililotokea kwenye mtindo mliouzoea, mwanangu. Hawakuuacha. Waliuchukua kama ulivyo, sauti ile ile, mkato ule ule, wakageuza mwelekeo wake. Swali nalo likageuka. Msimu wa kwanza tuliuliza walikuwa kina nani. Msimu wa nne tunauliza ilikuwaje: tunawajua sita waliotoka, hatujui wametokaje, kwa nini wanadanganya, wala walikobaki wengine kumetokea nini. Taharuki ya kawaida humficha msomaji mwisho. Hii imetupa nusu ya mwisho mkononi, tunaikodolea macho. Kaburi la Jin limetupa jibu, na jibu limezaa maswali kumi. (Tarehe iliyoandikwa kwenye jiwe lile itazameni pia. Ni ya siku ya ajali, na nyinyi mmemwona Jin akiishi muda mrefu baada ya siku hiyo.)

Msimu huo ulikatwa na mgomo wa waandishi wa Hollywood ulioanza Novemba 2007 ukaisha Februari 2008. Zilipangwa sehemu 16, zikatoka 14, na zilizopotea zikafidiwa kwenye misimu miwili ya mwisho. Mkiona mambo yanakwenda mbio, hiyo ni sababu mojawapo.

Mbele mtakutana na badiliko jingine, na nitaligusa kwa ncha ya kidole tu. Mmeshapita sehemu ya Desmond, ile anayoruka kati ya 1996 na 2004 mpaka ampigie mpenzi wake Penny simu mkesha wa Krismasi. Pale msimulizi hakuturudisha nyuma. Desmond mwenyewe ndiye aliyerudi, akili yake ndiyo iliyoruka. Mlikuwa mnaonjeshwa msimu wa tano bila kujua. Mkiuanza, kaeni macho na dakika za mwanzo kabisa: mtu anaamka, saa yake inaonyesha 8:15, anaweka santuri, na santuri inaruka. Mtakapomsikia mwanafizikia Daniel Faraday akieleza kisiwa kimepatwa na nini, mtaikumbuka santuri ile. Kuanzia hapo muda si chombo cha msimulizi tena, ni msiba wa wahusika wenyewe, na swali ni kama kilichopita kinaweza kubadilishwa.

Mwambie mke wako waandishi hawakujichanganya. Lakini mwambie pia kwamba hasira yake ni halali, sehemu ile ilikusudia kumuumiza.

SWALI: Mwalimu, nimemaliza LOST na nina uchungu. Misimu sita! Kumbe wote walikufa siku ndege ilipoanguka na kisiwa kilikuwa ahera. Naona nimepotezewa muda wangu. Mbinu gani hiyo? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu zangu wa Kigoma na wote ambao hamjafika mwisho, barua hii irukeni.

Wewe wa Tanga, pole kwa uchungu, ila hawakufa siku ile. Umechanganya vitu viwili, na hauko peke yako, nimeshawahi kuisikia kauli hii hata kwa watu makini sana. Kisiwa kilikuwa kweli, ajali ilikuwa kweli, na kila aliyekufa kisiwani alikufa siku yake. Kilichokuwa baada ya kifo ni yale maisha ya pembeni tu, ya msimu wa sita, ambako ndege inatua salama Los Angeles. Baba yake Jack anayasema yote kanisani kwa kinywa chake: kila kilichokupata kilikuwa kweli, na waliopo hapa wapo waliokufa kabla yako na wapo waliokufa muda mrefu baada yako.

Najua kilichokuchanganya zaidi. Majina ya mwisho yanapopita kuna picha za mabaki ya ndege ufukweni, hakuna mtu. Watu wengi mno walizisoma kama neno la mwisho: tazama, hakupona mtu. Picha zile ziliwekwa na ABC ili watazamaji watulie kidogo kabla ya taarifa ya habari, na ABC ilitoa maelezo kwamba si sehemu ya hadithi. Inaniuma mpaka leo. Kazi ya miaka sita ya kupanga kila ishara, halafu picha za sekunde chache zisizo na nia yoyote zinageuza maana kwa maelfu ya watu.

Kama bado huniamini, usiniamini mimi, amini shingo ya Jack. Rudi sehemu ya kwanza ya msimu wa sita. Jack yuko kwenye ndege ile inayotua salama, anaingia chooni, anajitazama kwenye kioo, anaona damu kidogo shingoni, hajui imetoka wapi. Baadaye anaona na kovu la kidole tumbo, naye hakumbuki kupasuliwa. Sasa nenda sehemu ya mwisho: kisiwani, kwenye mwamba juu ya bahari, adui anamkata Jack kwa kisu shingoni, mahali pale pale. Na kidole tumbo kilitolewa kisiwani msimu wa nne, na daktari mwenzake Juliet, mbele ya macho yetu. Kovu haliji kabla ya jeraha. Maisha yale yaliyopachikwa kana kwamba yanakwenda sambamba na kisiwa, kumbe yanakuja baada yake.

Ni ujanja ule ule wa Jack mwenye ndevu, umerudi mara ya pili kwa sura nyingine. Safari ile tulidhani nyuma, ikawa mbele. Safari hii tulidhani kando, ikawa baada. Tena msimu wa tano ulitutayarisha: unaishia kwa mlipuko na jina la tamthilia linatokea kwa herufi nyeusi juu ya weupe, kinyume cha siku zote, nasi tukajiambia historia imefutwa, hii ndiyo dunia mpya.

Kuna jambo moja nakubaliana nawe. Sehemu nyingine za maisha yale ya pembeni zinakwenda polepole mno, na kwa kuwa hatukujua tunaangalia nini, hatukuwa na sababu ya kuwajali wale watu kama tulivyowajali wenzao wa kisiwani. Swali la msimu ule, je, watakumbukana, lilifichwa mpaka tukachoka kulisubiri. Hilo ni kosa na nitalisema. Lakini pale Sun na Jin wanapotazama mtoto wao kwenye skrini ya kipimo na wote wawili wanakumbuka kwa mpigo, mimi nililia, na ningelia tena leo.

SWALI: Mwalimu, hujambo. Naandika tamthilia ya televisheni. Msimu wa kwanza ulihusu mama aliyerejea kutoka kazi za nyumbani Saudia. Tulitumia mbinu rejeshi kuonyesha yaliyompata kule, na watazamaji walizipenda sana. Msimu wa pili amefungua mkahawa na ameolewa. Mtayarishaji anataka tuendelee kurudi nyuma kwa sababu ndicho watu walichokipenda. Nifanyeje? — Msomaji, Voi

JIBU: Sijambo, mwenzangu. Hongera kwa msimu wa kwanza.

Mtazamaji ameshajua yaliyompata kule? Kama ameshajua yote, kila utakaporudi Saudia utakuwa unachora tatuu za Jack. Lakini nakuuliza: huyo mume mpya, naye anajua? Kwenye barua hujasema. Kama hajui, basi swali lako la msimu wa pili limeshapatikana, na liko mbele. Watazamaji wanajua, mume hajui, mkahawa unajaa wateja, na siku moja atatokea mtu mlangoni anayejua.

Mwombe mtayarishaji akuruhusu picha moja tu ya mbele. Tamthilia ya Breaking Bad ilifanya hivyo msimu wake wa pili, mwaka 2009. Sehemu nne kati ya 13 zinaanza na bwawa la kuogelea lisilo na rangi, na ndani yake mdoli wa dubu wa rangi ya waridi, ameungua upande mmoja. Kila mara tunaongezewa kitu: jicho, miwani kwenye mfuko wa ushahidi, miili miwili iliyofunikwa. Maana inakuja mwisho kabisa. Msimu uliofuata hawakurudia tena kuanza na picha ile, kwa kuwa ilikuwa imemaliza kazi.

Yako iwe ya nyumbani kwako. Mkahawa umefungwa mchana kweupe, viti vimepinduliwa juu ya meza, ufunguo wa mume uko kaunta, maji ya chai yamekauka kwenye sufuria. Irudie mara tatu au nne tu, na kila mara usogeze kamera hatua moja. Usiipige picha hiyo kabla hujaandika sehemu ya mwisho, maana ukishaionyesha ni deni. Mwanzoni iwekee ishara ya wazi, sauti au rangi, mtazamaji ajue ameingia wapi. Ukishamzoesha, ndipo utaamua kama unataka kuutumia uaminifu wake. Na mwenye kazi ya mavazi apige picha kila kanga, kila msuko, kila simu, kwa tarehe. Kule Morogoro binti wa kidato cha sita aliwanasa waandishi wa Marekani kwa simu moja tu.

Halafu kuna kiti kimoja ambacho hakikupinduliwa juu ya meza. Amua leo ni cha nani.